Drili ya Saa Kumi na Mbili na Robo

Siku Ensio Kokkarinen alipotimiza miaka sabini, binti yake Henriikka alipanda treni kutoka Helsinki mpaka Kuopio akamletea kilo moja ya kahawa. Haikuwa ile kahawa ya unga ya pakiti, ambayo Ensio na mkewe Maila walikuwa wakiinywa tangu waoane. Hii ilikuwa ya punje, imekaangwa juzi tu, imetiwa kwenye mfuko wa karatasi uliofungwa kwa kamba nyekundu kama zawadi ya bi harusi.

"Baba, ukishaonja hii hutarudi tena kwenye ule unga wenu," Henriikka alisema.

Maila aliuchukua mfuko, akautikisa. Ukalia kama kayamba.

"Asante mwanangu. Sasa tunazitafuna?"

Hapo ndipo Henriikka alipokumbuka kwamba nyumbani kwa wazazi wake hakukuwa na kitu cha kusagia kahawa. Akasema atawanunulia mashine siku hiyo hiyo, lakini babake akainua mkono kama trafiki. Ensio alikuwa amefanya kazi ya kupima ardhi kwa miaka thelathini na minane. Mtu aliyezoea kuupima mpaka wa shamba mara tatu kabla hajachomeka kigingi hanunuliwi mashine na mtu mwingine, hata awe mwanawe wa kumzaa.

"Niachie mimi," akasema. "Nitachunguza."

Uchunguzi ulichukua majuma matatu. Katika majuma hayo alijaribu kwanza kinu cha pilipili manga cha Maila. Alizungusha dakika ishirini na tano, kiganja kikafanya lengelenge, na mwisho wake akapata kikombe kimoja chenye rangi ya kahawa na harufu ya supu ya samaki. Siku ya pili akazifunga punje ndani ya taulo la jikoni, akaziponda kwa nyundo juu ya ubao wa kukatia mkate. Maila alitoka chumbani mbio akidhani kabati la vyombo limeanguka.

"Ensio, nenda dukani," alisema, akaichukua ile nyundo mkononi mwake. "Nenda leo. Kabla hujanibomolea nyumba."

Akaenda. Dukani alimkuta muuzaji mmoja, dada mwenye nywele za rangi ya buluu na subira ya muuguzi. Ensio alifungua daftari lake. Alikuwa na maswali kumi na manne, yamepangwa kwa namba.

"Mashine za umeme ziko za aina mbili, mzee," yule dada alisema kabla swali la kwanza halijamaliza kusomwa. "Za visu na za meno. Ya visu inakatakata tu, kama unavyokata kitunguu umefumba macho. Ya meno ina vyuma viwili vinavyozisaga punje katikati, kama mawe ya kusagia nafaka. Ya visu ni rahisi. Ya meno ni ghali kidogo lakini inasaga sawasawa."

"Sawasawa kiasi gani?"

Dada yule alichukua punje kidogo akazisaga kwenye ya visu, nyingine kwenye ya meno, akamwaga mafungu mawili juu ya karatasi nyeupe. Ensio akatoa kioo cha kukuzia mfukoni. Aliinama pale kaunta muda mrefu mpaka watu wawili waliokuwa nyuma yake wakahamia foleni nyingine. Katika fungu la kwanza aliona vumbi na mawe: vumbi la kutia uchungu na mawe ya kutia umajimaji. Fungu la pili lilikuwa kama mchanga wa ufukweni, kila chembe ndugu ya mwenzake.

"Hii," alisema, akiigusa ile ya meno. Ilikuwa nzito, nyeusi, ina namba arobaini kwenye shingo yake, moja kwa unga laini kabisa na arobaini kwa unga wa chembe nene.

"Ila ina sauti, mzee. Nakwambia mapema. Unaishi nyumba yako peke yako au kwenye ghorofa?"

"Ghorofa. Lakini jengo letu ni la mwaka sitini na mbili," Ensio alijibu kwa fahari. "Kuta zake si za siku hizi. Na mimi mwenyewe sisikii vizuri, kwa hiyo kelele si tatizo."

Dada alifungua mdomo, kisha akaufunga, akamwekea mashine kwenye boksi.

Siku nne za kwanza zilikuwa za mateso. Ensio alianza na namba moja, akaenda juu kwa kuruka namba, akiandika. Namba tatu iliziba kichujio, maji yakafurika mpaka kwenye droo ya vijiko. Namba nane ilitoa kahawa kali kiasi kwamba Maila, baada ya vikombe viwili, alipiga pasi mashuka yote, kisha mapazia, kisha soksi. Namba thelathini na tano ikatoa maji yaliyoota ndoto ya kahawa. Siku ya tano, aliporudi chini mpaka namba ishirini na tatu, Ensio alionja, akaweka kikombe mezani taratibu, akavua miwani.

"Maila," akasema. "Tumedanganywa miaka arobaini na nne."

"Na nani?"

"Na ile pakiti."

Tangu siku hiyo asubuhi za Ensio zikawa na utaratibu. Saa kumi na mbili kasorobo Maila alitoka na taulo lake kwenda ziwani, kwa sababu yeye na wanawake wenzake walikuwa wakijitosa kila siku ya Mungu kwenye tundu lililochongwa katika barafu, kisha wanakaa sauna kupata joto, na hakurudi kabla ya saa moja. Ensio akabaki na jiko lake. Alipima gramu sitini za punje, si hamsini na tisa. Mashine aliiweka pembeni kabisa mwa meza ya jikoni, imebanwa vizuri kwenye bomba la maji ya moto linalopasha nyumba joto, isije ikatetemeka na kuanguka. Saa kumi na mbili na robo kamili alibonyeza kitufe. Vifaa vyake vya kusikia vilikuwa bado vimelala kwenye kiboksi chao chooni, maana hakuvivaa kabla ya kuoga. Basi kwake mashine ile ilikuwa ni mtetemo tu, mtamu, unaopanda kutoka kwenye viganja mpaka mabegani kwa sekunde arobaini, na ile harufu inayofuata. Alisimama akifumba macho. Tangu astaafu hakuwahi kuanza siku na furaha ya namna ile.

Juma la pili, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa chini, karibu na masanduku ya barua. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene, bila jina.

ANAYETOBOA UKUTA KWA DRILI SAA KUMI NA MBILI NA ROBO ASUBUHI, AACHE. WATU WAMELALA.

Chini yake mwingine alikuwa ameongeza kwa penseli: *Kweli kabisa.* Na wa tatu: *Hata Jumapili!*

Ensio alilisoma mara mbili, damu ikamchemka. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya jengo, mwaka wa kumi na moja huo, na sheria ya utulivu kabla ya saa moja aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Msomaji keshajua drili ilikuwa ipi na mtobozi alikuwa nani. Ensio hakujua. Mtu akiambiwa kuna drili, anatafuta mtu mwenye drili.

Alianza na Orvokki Savela, mkunga mstaafu aliyekaa ghorofa ya tatu, chini yake moja kwa moja.

"Unaisikia?"

"Naisikia? Ensio, inanitoa kitandani! Ukuta wote wa jikoni unanguruma. Kama daktari wa meno anachimba jino la farasi, na farasi mwenyewe hataki."

"Inatoka upande gani?"

Orvokki alifikiri. "Kwa kweli mimi nilidhani juu..."

"Haiwezi kuwa juu. Juu yako ni mimi."

"Aa. Basi itakuwa chini."

"Ni chini," Ensio alisema, akaandika. "Sauti hupanda."

Akapanda ghorofa ya tano, kwa mama mmoja mshona nguo, akaambiwa ni chini. Akashuka ya kwanza, akaambiwa ni juu. Bomba lile lilipita jikoni kwa kila mtu na kumgawia kila mtu sehemu yake, lakini Ensio aliyachukua majibu yale akachora ramani ya jengo kwa rula, na mishale yote aliyochora ikakutana mahali fulani kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Hapo aliweka duara jekundu.

Asubuhi iliyofuata alivaa vifaa vyake vya kusikia mapema, akavaa na koti, akaenda kukaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili kumvizia mtobozi. Saa kumi na mbili na robo ikafika. Kimya. Na ishirini, kimya. Na nusu, kimya, ila mbwa mmoja alikohoa. Saa moja kasorobo alikata tamaa, akapanda kwake akiwa amekufa ganzi matako. Akapima gramu zake sitini. Vifaa vile vilikuwa vikikuza kila kitu, hata gazeti likifunuliwa lilikuwa radi, kwa hiyo alipobonyeza mashine roho ilimruka, akavitoa haraka na kuviweka kwenye sahani. "Hivi vitu vinatia chumvi," alinung'unika, kisha akamaliza kusaga kwa raha zake.

Saa mbili alikutana na Orvokki kwenye lifti.

"Leo kahamisha saa!" Orvokki alisema. "Saa moja kasoro dakika kumi na mbili. Nimetazama saa yangu."

Ensio akatulia tuli. Yaani mtobozi alijua kwamba kuna mtu ngazini. Alisubiri mpaka mlinzi aondoke, ndipo akaanza.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Alipokaa mpaka na nusu, drili ililia na nusu na dakika tano. Alipokaa mpaka saa moja kasorobo, drili ilisubiri mpaka saa moja kasorobo ipite.

"Ananiona," alimwambia Maila wakila mkate mweusi na jibini. "Ananitazama kupitia kitundu cha mlangoni. Huyu si mtu wa kawaida, Maila. Ana mpango."

"Mpango wa kutoboa nini muda wote huo? Ukuta wake si ungeshakuwa chujio?"

"Ndilo swali langu."

Ghorofa ya pili, ndani ya duara jekundu, alikaa Kalervo Ryhänen. Alihamia vuli iliyopita, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye ndevu, asiyesema neno. Alionekana mara nyingi akibeba mifuko mirefu ya turubai. Na kuna siku Ensio alimkuta kwenye lifti ameshika drili mkononi, peupe, mchana kweupe. Ushahidi gani zaidi? Ensio alikaa chini akaandika barua ya onyo ya kurasa mbili, akataja vifungu vya sheria za jengo, akaitumbukiza kwenye tundu la barua la mlango wa Ryhänen, kisha akapanda kwake kwa ngazi, mgongo umenyooka.

Haikupita nusu saa, mlango ukagongwa. Alikuwa Ryhänen, barua mkononi.

"Si mimi," akasema.

"Kila mtobozi husema hivyo."

"Drili yangu imekufa betri tangu Novemba."

"Betri huchajiwa, bwana."

Ryhänen alimtazama. Uso wake haukubadilika, ila masikio yalikuwa yamekuwa mekundu kama kitunguu cha saladi.

"Kesho," alisema mwishowe, "nitakaa mbele ya macho yako. Wewe na shahidi. Drili ikilia na mimi nimekaa hapo, unaniomba radhi."

"Na isipolia?"

"Basi ni mimi."

Ensio alikubali papo hapo. Alipenda mambo yanayopimika. Akamwomba Orvokki awe shahidi, na Orvokki, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amealikwa popote saa kumi na mbili asubuhi, alisema hatakosa hata wamlipe. Maila peke yake ndiye aliyekataa kubaki.

"Barafu hainingoji, mume wangu. Mtanisimulia."

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, walikaa watatu jikoni kwa Ensio. Orvokki alikuwa amevaa bangili zake za sherehe. Ryhänen alikuwa amevaa soksi za sufu, ameweka mikono yake mikubwa juu ya meza, vidole vimetanuliwa, ili kila mtu avione. Ensio alikuwa na vifaa vyake masikioni, penseli nyuma ya sikio, na saa ya mezani mbele yake.

Dakika tano zikapita. Friji ilikohoa. Nje theluji ilianguka kutoka kwenye paa la banda la baiskeli.

"Mifuko ile mirefu," Orvokki alishindwa kujizuia, "unabebaga nini humo, Kalervo?"

"Fimbo za kuvulia samaki. Kwenye barafu."

"Ooh. Mimi nilijua ni bunduki."

Dakika ya nane Ensio akaanza kuona aibu. Wageni wamekaa mezani kwake na vikombe hakuna. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika nyumba ya Kokkarinen, hata siku ile fundi wa bomba alipokuja masaa matano kabla ya wakati wake. Vita ni vita, lakini mtu huwezi kumkalisha mtu jikoni bila kahawa.

"Niwatengenezee kahawa tukisubiri," alisema. "Na mtaonja kitu. Hii si ya pakiti."

Akainuka. Akatoa maandazi ya mdalasini, akayapanga. Akapima punje, gramu tisini safari hii kwa kuwa walikuwa watatu, akazimimina kwenye mashine. Ikiwa imebaki nusu dakika kufika na robo, alivua vifaa vyake vya kusikia, kimoja kimoja, akaviweka kwenye sahani.

"Samahani," aliwaambia. "Mashine hii huwa inaniumiza masikio. Nyinyi sikilizeni kwa niaba yangu. Msiache hata kidogo."

Akawapa mgongo, akabonyeza.

Orvokki aliruka kwenye kiti, bangili zote zikashuka mpaka kwenye kiwiko. Andazi lililokuwa njiani kwenda mdomoni lilibaki hewani. Ryhänen aligeuza kichwa polepole, akaitazama mashine, akalitazama bomba, akaitazama saa. Kumi na mbili na robo. Kisha akamtazama Orvokki, na Orvokki akamtazama yeye. Mbele yao Ensio alisimama amefumba macho, mabega yakitikisika kwa raha, dakika nzima na ushee kwa sababu ya zile gramu za ziada.

Alipogeuka aliwakuta wamekodoa macho. Akadhani ni harufu imewapata. Akatabasamu, akavaa vifaa vyake.

"Enhe? Mmesikia chochote?"

"Tumesikia," Orvokki alisema kwa sauti nyembamba.

"Ah!" Ensio alinyakua penseli. "Imelia! Na huyu yupo hapa... Basi si yeye! Imetoka wapi? Juu? Chini?" Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshafika mlangoni, ameufungua, kichwa chake kiko kwenye ngazi kikigeuka huku na huku. "Hakuna mtu! Kakimbia!"

"Ensio," Orvokki aliita. "Mpenzi, rudi ukae."

"Dakika moja, nashuka mpaka chini!"

"Mwenyekiti." Hiyo ilikuwa sauti ya Ryhänen, nzito. "Bonyeza tena."

"Nibonyeze nini?"

"Hicho."

Ensio alirudi, akamtazama kama mtu anayeombwa kucheza katikati ya mazishi. Lakini mgeni ni mgeni. Akatia punje chache, akabonyeza, na safari hii masikio yake yalikuwa wazi. Mashine ilinguruma. Na papo hapo, kutoka ghorofa ya tano, mtu akaanza kuligonga bomba kwa kitu cha chuma, upawa labda: kong! kong! kong!

Ensio aliachia kitufe. Kugonga kukakoma.

Akabonyeza. Kong! kong! kong!

Akaachia. Kimya.

Akabonyeza kidogo tu, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto. Mashine ikatoa kelele fupi. Na juu kule, likajibu pigo moja, fupi, la hasira: kong.

Ensio aliondoa kidole. Aliitazama mashine. Alilitazama bomba jinsi lilivyoshuka kutoka kwenye dari na kupita nyuma ya meza kuelekea chini, kwa Orvokki, kwa Ryhänen, kwa watu wote wa Mungu. Ile ramani yake yenye mishale ilikuwa imebandikwa kwenye friji kwa sumaku. Rangi ilimpanda usoni kuanzia kwenye kola. Akavuta kiti, akakaa, akatamani ardhi ipasuke, lakini chini ya ardhi hiyo kulikuwa na jiko la Orvokki.

"Mara tatu," alisema mwishowe kwa sauti ya chini. "Nimekaa ngazini mara tatu. Nikijivizia mwenyewe."

Hapo Ryhänen alianza kutoa sauti ya ajabu. Mwanzoni Orvokki alidhani andazi limemkaba, akainuka kumpiga mgongoni, kazi aliyoijua. Kumbe alikuwa anacheka. Mtu ambaye jengo zima halijawahi kuyaona meno yake alicheka mpaka machozi yakaingia kwenye ndevu, akipiga meza kwa ile mikono yake mikubwa, na kila akitaka kunyamaza alilitazama lile duara jekundu kwenye friji na kuanza upya. Orvokki naye akashindwa. Ensio aliwatazama wote wawili, uso bado unawaka, na kabla hajaamua kama akasirike, kicheko kikamponyoka na yeye.

Walikunywa ile kahawa. Kisha Ensio alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Bwana Ryhänen, nilikuandikia kurasa mbili za uongo. Naomba radhi."

"Kalervo," Ryhänen alisema. "Ipo iliyobaki?"

Maila aliporudi, nywele zimeganda ncha kwa baridi, alisimuliwa na Orvokki mlangoni hata kabla hajavua kofia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka wa viatu. Ensio alikuwa tayari mezani, anaandika barua ya kujiuzulu uenyekiti pamoja na maelezo ya kitaalamu kuhusu sauti na mabomba, na mchoro.

"Nani atasoma hii?" Maila aliuliza.

"Wakazi wana haki ya kujua."

"Wakazi wanataka kulala." Akaichukua karatasi, akaikunja, akampa nyingine ndogo. "Andika mstari mmoja. Na kujiuzulu usahau, hakuna mwingine anayeitaka hiyo kazi."

Kwa hiyo siku ile ubaoni likabandikwa tangazo: *Drili imepatikana. Ilikuwa mashine yangu ya kahawa. Nisameheni. E. Kokkarinen, ghorofa ya nne.* Kufika jioni mtu alikuwa ameongeza kwa penseli: *Na harufu ilikuwa nzuri.*

Ilibaki shida ya saa. Kalervo alikuja na kipande cha zulia nene na raba ya buti la zamani, akakikata, akaiweka mashine juu yake upande wa pili wa jiko, mbali na bomba. Orvokki akasikiliza chini, akapiga simu kusema sasa ni kama nyuki kwenye chupa. Hata hivyo Ensio, kwa adhabu yake mwenyewe, aliapa kutosaga tena kabla ya saa tatu asubuhi. Maana yake kahawa ya asubuhi ilibidi isagwe mchana wa siku iliyotangulia, na jambo hilo lilimuuma, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba harufu ya kahawa iliyosagwa hukimbia baada ya robo saa.

"Utaijua tofauti?" Maila aliuliza.

"Nitaijua nikiwa usingizini."

"Haya. Fumba macho."

Ilikuwa Jumamosi, Orvokki na Kalervo wakiwepo. Maila aliweka vikombe vitatu. Ensio alionja cha kwanza, akatikisa kichwa: hiki cha jana. Akaonja cha pili, akakunja uso: hiki nacho kimepoa roho. Akaonja cha tatu, uso ukang'aa kama mtu aliyefika nyumbani.

"Hiki hapa! Hiki kimesagwa sasa hivi. Namba ishirini na tatu. Onjeni, jamani, onjeni, hiki kina uhai."

Alipofumbua macho alimwona Maila ameshika pakiti ya zamani ya kahawa ya unga, ile ile ya miaka arobaini na nne, imefungwa mdomo kwa kibanio cha nguo.

Ensio aliitazama pakiti. Akakitazama kikombe. Kisha akakichukua, akakinywa mpaka mwisho kwa heshima, na wote watatu wakawa waungwana kiasi cha kutazama dirishani.

Mashine hakuiuza. Alhamisi iliyofuata, saa kumi jioni, Kalervo alipanda na mfuko wake mwenyewe wa punje na samaki wawili waliokaushwa kwa moshi. Ensio alisaga. Maila alikuwa kwa mama wa ghorofa ya tano akipimwa gauni, na aliporudi, saa nzima baadaye, Kalervo ndiyo kwanza anavaa viatu mlangoni. Aliaga kwa kuinamisha kichwa, akashuka.

"Mmeongea nini muda wote huo?" Maila aliuliza.

"Hatukuongea."

"Saa nzima?"

"Saa nzima," Ensio alisema, akifuta unga wa kahawa kwenye meza kwa ubavu wa mkono. "Maila, yule ni mtu mzuri mno."